Kusoma na historia: kipi kirudiwe, kipi kibadilishwe

Walimu wa kusoma na wa historia wana ubishi mmoja usiokwisha. Wako wanaoshikilia kwamba mtoto hujifunza kwa kurudia: kifungu kilekile, mada ileile, mpaka iingie. Wengine wanasema kurudia huua hamu, basi mwanafunzi apewe habari mpya na zama mpya kila wiki. Kila upande una ushahidi wake. Kinachosahaulika ni kuuliza kinachorudiwa ni nini hasa.

Katika kusoma, ushahidi ni mwingi zaidi. Mwaka 1979 mtafiti wa usomaji S. Jay Samuels alieleza njia inayotumika hadi leo: mwanafunzi hupewa kifungu cha maneno 50 hadi 200, hukisoma kwa sauti, mwalimu huandika muda na makosa, kisha kifungu hurudiwa mpaka kasi iliyopangwa ifikiwe. Anayehangaika na silabi hana nafasi ya kufuata maana. Maneno yakizoeleka, nafasi hiyo hupatikana.

Lakini mwaka 1985 Carol Rashotte na Joseph Torgesen waliwapima watoto wenye shida ya kusoma na kukuta jambo la kuzingatia sana. Kurudia kuliongeza kasi zaidi pale vifungu vilipokuwa na maneno mengi ya pamoja, yaani maneno yanayopatikana katika kifungu zaidi ya kimoja. Maneno ya pamoja yalipokuwa machache, kurudia hakukushinda kusoma vifungu tofauti kwa muda uleule. Kwa maneno mengine, faida ilitokana na maneno yaliyojirudia, wala si kifungu chenyewe.

Kwa hiyo mwalimu aandae vifungu vitatu vya mada moja, tuseme mvua, mito na visima, vyenye msamiati unaofanana. Jumatatu cha kwanza kisomwe mara tatu. Jumatano cha pili kisomwe mara mbili, na Ijumaa cha tatu mara moja tu, bila maandalizi. Alama ya kuaminika ni ya Ijumaa. Ile ya usomaji wa tatu wa Jumatatu hudanganya, kwa sababu kufikia hapo wengine wameshakariri: macho yako dirishani, mdomo unaendelea. Kuwakamata ni rahisi. Andika ubaoni maneno matano ya kifungu kwa mpangilio uliovurugwa, mtoto ayasome. Tena, anayepimwa kasi peke yake hujifunza kukimbia, hivyo swali moja la maana liulizwe baada ya usomaji wa pili. Na viwango vya maneno kwa dakika vilivyotungwa kwa Kiingereza visihamishwe kwenye Kiswahili, ambako neno moja kama “hatukuwaambia” hubeba sentensi nzima.

Watetezi wa aina nyingi za habari wana hoja nzito pia: maarifa ya jumla humbeba msomaji. Donna Recht na Lauren Leslie walionyesha mwaka 1988 kwamba wasomaji dhaifu waliojua mchezo wa besiboli walikumbuka habari ya mchezo huo vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua. Ila maarifa hayo hayajengwi kwa kudonoa mada mpya kila siku.

Kwenye historia mambo ni magumu zaidi. Mwanasaikolojia Jerome Bruner alipendekeza mwaka 1960 mtaala unaorudi kwenye mawazo yaleyale kwa kina kinachoongezeka. Mara nyingi kina hicho hakiongezeki. Uingereza imelaumiwa kwa miaka mingi kwa kuwarudisha wanafunzi kwa Hitler na ukoo wa kifalme wa Tudor huku karne nyingine zikirukwa.

Chukua Mkutano wa Berlin wa 1884–1885. Mwanafunzi huusikia mara mbili au tatu, kila mara kama kisa cha mabwana waliokata ramani ya Afrika mezani. Safari ya kwanza kisa hicho kinatosha kama mlango. Safari ya pili asome ibara ya 34 na ya 35 za Mkataba wa Jumla uliotiwa saini mwishoni mwa mkutano huo, zilizomtaka anayekalia pwani mpya atoe taarifa kwa mataifa mengine na asimike utawala, kisha aulizwe: mipaka iko wapi humu? Safari ya tatu aweke ramani kando ya mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886 na 1890, aone kwamba mistari mingi ilichorwa baadaye, wawili wawili. Tukio limebaki lilelile. Swali na chanzo vimebadilika.

Gharama yake ni vipindi. Muhula wa vipindi 24 unaweza kubeba mada nane za vipindi vitatu, au mada tano za vipindi vinne pamoja na vipindi vinne vya kurudi. Mada tatu zinaachwa, na huo ni upungufu wa kweli. Hata hivyo ningechagua tano, kwa kuwa mada isiyoguswa tena husahaulika haraka. Vipindi vya kurudi vitawanywe wiki kadhaa, na kila kimoja kianze kwa dakika kumi za kuandika bila kutazama daftari.

Mpango huu huvunjika mtihani unapouliza maswali yaleyale kila mwaka. Hapo vipindi vya kurudi huliwa na majibu ya kukariri, na mwalimu hawezi kulirekebisha hilo akiwa darasani. Ni kazi ya watunga mitihani kuweka walau swali moja lenye chanzo ambacho mtahiniwa hajawahi kukiona.