Draiva ya sauti ya USB: moja kwa wote, au kila kampuni na yake?

Ukifungua msimbo wa snd-usb-audio, draiva ya sauti ya USB (programu inayouwezesha mfumo kuongea na kifaa) ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, utakuta jedwali refu la vifaa vya sauti na kasoro zao. Hiki hakijibu kikiulizwa kasi ya sampuli, yaani vipimo vingapi vya sauti kwa sekunde. Kile lazima kingojewe kidogo baada ya kila amri. Wakosoaji huliona jedwali hilo kuwa ushahidi tosha: draiva moja kwa vifaa vyote haiwezekani, basi kila kampuni inayotengeneza vifaa iandike yake.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Toleo la pili la kiwango cha sauti za USB lilitoka 2006, lakini Windows ilikaa bila draiva yake yenyewe ya toleo hilo hadi 2017. Kampuni ndizo zilizoziba pengo, na baadhi zilifanya kazi safi: ucheleweshaji mdogo kupitia ASIO (njia ya programu za sauti kukifikia kifaa moja kwa moja kwenye Windows), vidhibiti vya kuchanganya sauti ambavyo kiwango hakivijui, marekebisho yasiyosubiri toleo jipya la mfumo. Mwimbaji anayejisikiliza kwenye hedifoni huku akirekodi hana haja ya kujua msimbo umepangwaje.

Ila ugumu wa draiva hii hauko kwenye vidhibiti. Uko kwenye saa. Kompyuta ina saa yake, kifaa kina yake, na mbili hizo haziendi sawasawa hata siku moja. Tuseme zinapishana kwa sehemu 50 kati ya milioni, tofauti isiyo ya ajabu kwa kristali za kawaida zinazoendesha saa hizo. Kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, hiyo ni sampuli 2.4 kila sekunde, yaani 144 kwa dakika. Akiba ya sampuli 128 zinazosubiri kuchezwa haimalizi dakika. Ikikauka, sauti inakatika. Kwa hiyo kifaa kinachofuata saa yake chenyewe huirudishia kompyuta hesabu, ndiyo mrejesho: usinipe 48 kwa milisekunde, nipe 48.0024. Nusu ya sampuli haitumwi, basi draiva hutuma 48, 48, 48, na kila baada ya milisekunde 417 hivi hutuma 49.

Katika hesabu hiyo kampuni haiongezi chochote. Ni ileile kwenye Linux, macOS au FreeBSD, na anayeiandika upya anakaribisha makosa yaleyale upya. Tena vipo vifaa vinavyoituma namba ya mrejesho katika umbo lisilo la kiwango. Draiva ya Linux haibishani navyo: thamani ya kwanza inasogezwa biti kushoto au kulia mpaka ikaribie kasi inayotarajiwa, na umbo linajulikana hapohapo, bila mstari wowote kwenye jedwali. Draiva ya kampuni ingelifunika kosa hilo kimyakimya, nalo lingeibuka siku kifaa kinapochomekwa kwenye simu ya Android, ambako mtumiaji wa kawaida hawezi kusakinisha draiva ya kerneli.

Halafu kuna uhai wa kifaa. Apple ilipoanza mwaka 2019 kuzisukuma draiva za kampuni zitoke kwenye kerneli ya macOS, waliotegemea draiva hizo walilazimika kusubiri toleo jipya, kama mtengenezaji alijali kulitoa. Vifaa vinavyofuata kiwango havikuwa na cha kusubiri.

Mpango unaoshika, kwa maoni yangu, ni huu: saa, pakiti (mafungu ya sampuli yanayotumwa) na mrejesho vibaki kwenye draiva ya pamoja ndani ya kerneli, madoido ya kampuni yawe programu ya kawaida inayotuma amri kutoka nje. Kikwazo ni kwamba amri hizo mara nyingi ni siri, na watu wa kujitolea wamelazimika kuzing'amua kwa kuchungulia kinachopita kwenye waya wa USB. Kampuni inayolalamika kuwa draiva ya pamoja haikijui kifaa chake ingeanza kwa kuchapisha kurasa chache za kueleza amri hizo.