Ukiacha kompyuta ya mezani, usikimbilie laptopu mpya ya bei ndogo

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, ofisi ndogo na stesheneri nyingi zimebaki na kompyuta za mezani zinazowaka vizuri kabisa lakini hazikubaliwi na Windows 11. Wenye nazo wengi wanaamua kuhamia laptopu. Uamuzi wenyewe ni mzuri. Kinachouma ni pale mtu anapoondoa mezani mashine yenye nguvu zake, akaleta kitu chembamba kilichotoka kwenye boksi jipya, na mwezi wa tatu haujaisha tayari Excel na kivinjari vinagombania pumzi.

Laptopu inayorithi kiti cha kompyuta ya mezani haitabebwa sana. Itakaa palepale, imechomekwa umeme kutwa nzima, imezungukwa na printa, monita, kibodi na flashi za wateja. Kwa maisha ya namna hiyo, laptopu ya ofisi iliyotumika, yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel kizazi cha 8 kwenda juu na nafasi mbili za RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi), inaishinda laptopu mpya ya bei hiyohiyo. Nasema hivi nikijua neno "mpya" lina utamu wake.

Zitazame hizo mpya za bei ndogo. Nyingi zina prosesa kama Celeron N4020 yenye viini 2 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba), RAM ya GB 4 iliyochomelewa kwenye ubao, na hifadhi ya GB 64 ya aina ya eMMC, ambayo nayo imechomelewa. Windows 11 inakubali kuingia humo kwa sababu GB 4 na GB 64 ndicho kima chake cha chini kabisa. Ikishaingia, yenyewe na masasisho yake hula sehemu kubwa ya hifadhi, na sasisho kubwa likija halipati pa kukaa. Fundi naye hana la kukusaidia: RAM haitoki, hifadhi haitoki.

Sasa prosesa, maana hapa ndipo watu wanapoibiwa mchana kweupe kwa stika ya "Core i5". Stika haisemi lolote la maana. Soma namba iliyo nyuma yake. i5-7200U ni kizazi cha 7 na ina viini 2. i5-8250U ni kizazi cha 8 na ina viini 4. Zote ni i5, zote zina U mwishoni, lakini ya kwanza Windows 11 inaikataa na ya pili inaipokea. Ukitoka kwenye kompyuta ya mezani yenye i5-6500, ambayo ina viini 4 na imeundwa kutumia wati 65, kisha ukanunua laptopu ya i5-7200U, umeshuka ngazi huku ukilipa. Hiyo U ina maana prosesa imebanwa kwenye wati 15 hivi. Kwa hesabu, barua, mtandao na Photoshop nyepesi inatosha. Herufi H inaashiria wati 45 hivi, na hiyo ni ya kazi nzito.

Na kazi nzito niseme mapema: anayehariri video ndefu kila siku au anayechora majengo ya 3D asihame. Laptopu nyembamba ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe, na kwenye joto la Dar au Mombasa, feni ikiwa imejaa vumbi, hilo hutokea baada ya dakika chache tu za kazi.

Kwenye RAM, ulizia GB 16, na ulizia zimekaaje. Ukiwa dukani, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, kisha Memory. Upande wa chini utaona maneno "Slots used". Ikiandikwa 1 of 2, kuna nafasi moja wazi. Nunua RAM ya pili ya aina ileile, na mashine itapata kasi kidogo pia, kwa sababu RAM mbili husomwa sambamba. Ukikuta zimechomelewa zote, unachokiona ndicho utakachoishi nacho. ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 5490, zote za mwaka 2018 hivi, zina nafasi 2. ThinkPad X1 Carbon ni nzuri kuibeba, lakini RAM yake imechomelewa. Kwa meza ya ofisi siipendekezi.

Mashine hizo tatu zina faida nyingine: matundu. Zina tundu la waya wa mtandao, zina HDMI, zina USB za kawaida. Latitude 5490 ina hata VGA, kwa hiyo monita yako ya zamani inaingia bila kununua kitu. Kwa nyingine utahitaji adapta ya kutoka HDMI kwenda VGA. Nunua ile yenye kijisanduku chenye saketi ndani. Waya mtupu wenye HDMI upande huu na VGA upande ule hautoi picha, kwa sababu HDMI hutuma ishara za dijitali na VGA hupokea za analogi. Lazima kuwe na kitu cha kugeuza. Monita, kibodi na mausi vya zamani usiviuze. Kuinamia kioo cha inchi 14 kuanzia asubuhi hadi jioni kunaumiza shingo, na kibodi ya laptopu ikimwagikiwa chai, chai inaishia kwenye ubao.

Ukifika Kariakoo ya Dar au Luthuli ya Nairobi, usikubali kuonyeshwa mashine iliyowashwa tayari halafu mkamalizana. Omba muda wa kuikagua. Chomoa chaja kwanza. Andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, fungua, kisha andika powercfg /batteryreport. Itakutajia mahali ilipohifadhi ripoti, ifungue. Tafuta mistari miwili, Design Capacity na Full Charge Capacity. Ya kwanza ikiwa 50,000 na ya pili 31,000, betri imebaki na asilimia 62 ya uwezo wake. Kwa laptopu itakayokaa mezani hiyo inatosha, maana kazi yake ni kukuvusha umeme ukikatika. Ikiwa chini ya asilimia 50, toa bei ya betri kwenye bei ya laptopu. Kisha weka laptopu juu ya meza iliyonyooka na uitazame kwa ubavu. Padi ya kugusa ikiwa imenyanyuka, au mfuniko wa chini haukai sawa, betri imevimba. Hiyo acha, hata wakupunguzie kiasi gani.

T480 ina upekee wake: ina betri mbili, moja ndani na nyingine nyuma inayochomoka kwa mkono bila bisibisi. Lakini huchajiwa kwa USB-C pekee. Chomeka chaja, itikise taratibu. Ikiwa inakata na kurudi, tundu limechoka, na kulibadilisha ni kazi ya kuchomelea kwenye ubao. Kwa Dell zenye chaja ya pini ya duara, angalia chaja. Katikati kuna kipini chembamba kinachoitambulisha kwa mashine. Chaja bandia au yenye kipini kilichokatika haitambuliwi: laptopu inawaka, ila betri haichaji na prosesa inatambaa. Wengi huishia kuilaumu Windows.

Kuna jambo wauzaji wengi hawalitaji. Nyingi ya laptopu hizi zilikuwa mali ya kampuni za nje, kama za Ulaya na Marekani, na baadhi bado zimesajiliwa huko. Ikifutwa na kuwekewa Windows upya huku ikiwa na intaneti, inatokea skrini ya kukukaribisha kwenye kampuni usiyoijua na kudai barua pepe ya kazi. Muuzaji mjanja huisakinisha bila intaneti ili isitokee. Dawa yake ni kumwomba aiweke Windows upya mbele yako ikiwa imeunganishwa na intaneti ya simu yako. Ingia pia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows (ukiwasha bonyeza F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP, F2 kwa Dell), uone kama inadai nenosiri. Mwisho andika slmgr /xpr kwenye cmd. Ikisema Windows imewezeshwa daima ("permanently activated"), sawa. Ikitaja tarehe ya kuisha, hiyo leseni ni ya kubabaisha, ingawa mashine za ofisi kwa kawaida hubeba leseni yake halali ndani ya ubao.

Kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, utaona tofauti. Kompyuta ya mezani na monita yake, tuseme wati 100, ikifanya kazi saa 10 inakula yuniti 1 kwa siku. Laptopu na monita ileile, tuseme wati 40, ni yuniti 0.4. Kwa siku 26 za kazi ni kama yuniti 26 dhidi ya 10 na ushee. UPS, kile kisanduku cha akiba ya umeme, nayo inapumzika. Umeme ukikatika monita inazimika, lakini ukiwa umeacha laptopu wazi, bonyeza Windows na P, chagua kioo cha laptopu pekee, na barua ya mteja bado ipo vilevile.

Faili za zamani zisikutie hofu: diski ya kompyuta ya zamani huchomolewa na kuunganishwa na laptopu kwa USB. Diski ya inchi 3.5 inahitaji volti 12, na USB haitoi hizo. Nunua kasha lenye adapta yake ya umeme. Ya inchi 2.5 inatosheka na waya wa SATA kwenda USB. Ukishanakili kila kitu, iache kompyuta ya zamani mahali pake wiki mbili kabla ya kuiuza, kwa sababu daima kuna hesabu za mwaka juzi zilizojificha kwenye folda isiyofikiriwa.

Siku ileile ya kwanza, weka kikomo cha chaji. Betri ya lithiamu inayokaa kwenye asilimia 100 ndani ya joto, kutwa, kila siku, ndiyo inayovimba. Lenovo wana programu ya Vantage, Dell na HP wanaliweka suala hilo kwenye BIOS. Simamisha chaji kwenye asilimia 80, na mwachie ujumbe msaidizi wako wa dukani, asije akadhani chaja imeharibika akakimbilia kwa fundi.