Njia ipo, Emacs inapita kwingine!

Ndugu zangu wa Bukavu mnaoamka saa nane za usiku kwa sababu umeme umerudi, hebu niambieni: Org mpya, ile nyongeza ya kuandika maelezo na kupanga kazi, ipo, naiona kwa macho yangu, kwa nini Emacs, programu yangu ya kuandikia, inashikilia ya zamani?

Megabaiti nimelipa kwa franka zangu pale Nyawera. Nimefungua elpa, mahali Emacs inapoweka vifurushi, yaani nyongeza zake: folda ya Org imo, namba ya toleo imo kwenye jina lake. Hata kwenye load-path, ile orodha ya mahali pa kutafuta maktaba, imeandikwa. Sasa shida ni nini? Shida ni kwamba Org iliyokuja na Emacs ilikuwa imeshaingia kwenye kumbukumbu kabla sijasakinisha, na mpya ikajengwa (ikakompailiwa) juu ya mabaki yake. Fufu na wali sufuria moja, nani atakula?

Tangu toleo la 27 la Emacs, mwaka 2020, vifurushi vinaamshwa kabla faili la init, lile la mipangilio yetu, halijasomwa. Vizuri! Basi kwa nini kila mpangilio tunaopeana bado una package-initialize, amri ya kuviamsha tena? Na kubadili folda ya vifurushi lazima early-init.el, faili jingine tena, linalosomwa kabla ya init! Mafaili mangapi, jamani? Nimefuta, nimezima, nimepakua upya. Megabaiti zimekwisha.