Mbio huinogesha ngoma, maneno huyaacha njiani

Kikundi chetu cha mazoezi ya mbio hukutana Maisara, mjini Zanzibar, baada ya sala ya alfajiri. Hatuna spika. Mmoja huanzisha, wengine tukaitikia, mpaka Mazizini. Juzi mwenzetu mmoja aliurekodi wimbo kwa simu, na jioni akatusikilizisha barazani, tumekaa na vikombe vya kahawa. Mzee aliyekuwapo aliuliza ni nani aliyetunga upuuzi ule. Tukatazamana. Asubuhi ya siku ileile wimbo huohuo ulikuwa umetunogea kupita kiasi.

Sasa aliyesikia vizuri ni nani, sisi tuliokuwa mbioni au yule mzee?

Wanaosema mkimbiaji hudanganyika na mwili wake, akauona wimbo mtamu kuliko ulivyo, wana hoja nzito. Tangu miaka ya 1970 mwanasaikolojia Dolf Zillmann alionyesha kwamba mchemko wa mwili haupoi papo hapo mtu anapomaliza mazoezi. Mtu hutembea nao, na kitakachomkuta, kiwe hasira au furaha, huzidi makali, wala yeye hakumbuki kuwa sehemu ya makali hayo imetoka kwenye baiskeli aliyoiendesha. Mwaka 2015 Kelly Jakubowski na wenzake waliwataka watu wachague mwendo unaozifaa nyimbo wanazozijua. Baada ya mazoezi, walichagua mwendo wa kasi zaidi. Wimbo ni uleule, lakini mwili ulikuwa umeshaongeza kasi yake.

Mimi mwenyewe nilijaribu kukimbia na taarab ya zamani masikioni, kwa hedfoni. Bashrafu, ule muziki mtupu wa kufungulia, ilinichukua vizuri, miguu ikaenda. Waimbaji walipoingia, mambo yakaharibika. Udi na kanuni, vile vinanda vya nyuzi, nilivisikia kwa mbali, kama jirani anayepika. Ubeti wa pili, ule wenye fumbo, ambao ndio huwainua watu vitini kwenda kutunza, ulinipita mzima mzima. Kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa cha hapa Zanzibar kinapiga taarab tangu 1905, na watazamaji wake hukaa. Si adabu tu. Kijembe kinataka mtu aliyetulia, anayejua nani anasemwa na kwa lipi. Anayehema atabaki na midundo.

Na akihema zaidi, hata midundo humpotea. Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, ameandika sana juu ya hili: katika mazoezi ya wastani muziki huweza kupunguza hisia ya uchovu kwa kama asilimia 10, lakini ukikaza sana, habari za mapafu na misuli huijaza akili na muziki ukakosa pa kukaa. Sisi hili tunalijua kwa mwinuko wa Kilimani. Hapo mwanzishaji huanzisha na haitikiwi.

Pamoja na hayo, hoja ya udanganyifu hainitoshelezi. Inachukulia kwamba kuna usikivu mmoja wa kweli, wa mtu aliyekaa. Visiwani hatukuamini hivyo hata siku moja. Chukua kidumbaki, muziki wetu wa kucheza harusini: fidla, sanduku lenye uzi linalopigwa kama besi, na vile vigoma viwili. Nyimbo nyingi zimetoka kwenye taarab, lakini kwenye harusi hakuna anayezisikiliza amekaa. Wimbo mmoja una usikilizaji wake kitini na usikilizaji wake kiunoni, wala sijamsikia mtu akisema huu wa pili ni kosa.

Pemba wamekwenda mbali zaidi. Katika msewe, ngoma ya huko, wachezaji hufunga njuga miguuni, na ngoma ikapewa jina la njuga hizo. Mguu ukisimama, sehemu ya muziki imenyamaza. Mchezaji hausikilizi muziki akiwa mazoezini, anautoa. Tofauti hii imepimwa. Mwaka 2013 Thomas Fritz na wenzake, Leipzig, Ujerumani, walitengeneza mashine za mazoezi zinazotoa muziki kufuatana na nguvu ya anayezitumia. Waliokuwa wakiutengeneza muziki kwa misuli yao waliona kazi ni nyepesi kuliko walipofanya kazi ileile huku wakisikiliza tu. Mpemba angelimpa Fritz jibu hilo bure, ingawa kipimo cha oksijeni kama cha Fritz asingelikuwa nacho.

Kwa hiyo sikubali kuyaweka mazoezi yote kapu moja. Mwenye hedfoni barabarani hupata ule mchemko, lakini hubaki msikilizaji, tena msikilizaji asiyesikia honi ya bodaboda nyuma yake. Anayeitikia kikundini yumo ndani ya wimbo. Ndiyo maana rekodi ilimchosha mzee: alipewa sauti zetu bila ya miguu. Hakukosea kuuita upuuzi, kwa sababu maneno yake kweli ni upuuzi, na sisi hatukuwa tukiyasikiliza.

Hedfoni sasa naziacha nyumbani. Taarab naisikiliza usiku, nimekaa, na ule ubeti wa pili nimeshajua anasemwa nani.