Huku mwenyeji anatangulizwa kwa mnyama, kwetu mwenyeji anafungwa

Wakuu habari zenu. Mimi ni mtoto wa Itigi, Singida, naishi Des Moines jimbo la Iowa, naendesha lori na ruti yangu kubwa ni ile I-80 ya kwenda magharibi. Ukiimaliza Nebraska ukaingia Wyoming unaanza kuona swala kando ya barabara, makundi kwa makundi, wenyewe wanawaita antelope, mgongo wa kahawia tumbo jeupe, wanakula majani pembeni ya uzio kama mbuzi wa mtu. Mara ya kwanza nilipaki karibu na Rawlins nikabaki nawaangalia tu, nikamkumbuka marehemu babu na upinde wake.

Nikaanza kuulizia mtu anapataje ruhusa, ndo nikajua kuna kitu kinaitwa droo. Yaani huendi dukani ukanunua leseni ya mnyama mkubwa ukatoka. Jimbo limegawanywa maeneo yenye namba, kila eneo wataalamu wa wanyama wanapanga mwaka huu wapungue wangapi, dume wangapi jike wangapi, na leseni zinatoka kwa idadi hiyo. Wewe unaomba mtandaoni, unalipa, unasubiri. Ukikosa kwenye droo, hela ya leseni inarudi kwenye kadi, ila ile dola 15 ya kuombea hairudi.

Sasa mgeni kwa hawa jamaa ni yeyote asiyekaa Wyoming. Mzungu ambaye babu wa babu yake kazaliwa Iowa ni mgeni kama mimi tu, rangi haihusiki wala pasipoti. Na mgeni anabanwa kweli kweli. Elki, yule kulungu mkubwa mwenye mapembe kama matawi ya mti, nilipoanza kufuatilia mwenyeji alikuwa analipa dola 57 na mgeni dola 692. Swala dume mwenyeji dola 37, mgeni 326. Juu ya hapo kuna pointi, kila mwaka unanunua pointi moja, ya elki dola 52 ya swala 31, na robo tatu ya zile leseni chache za wageni zinaenda kwa wenye pointi nyingi, robo inayobaki ndo bahati nasibu hata asiye na pointi anaweza kupata. Ukizembea miaka miwili mfululizo bila kuomba wala kununua pointi, zote zinafutwa. Tena mgeni haruhusiwi kuwinda wanyama wakubwa ndani ya mapori yale yaliyotengwa kabisa mpaka awe na mwongozaji mwenye leseni au asindikizwe na mwenyeji. Moose, ndugu wa elki mwenye mwili mkubwa zaidi, na kondoo wa milimani ndo usiseme, mwaka 2022 walipitisha sheria asilimia 90 kwa wenyeji na 10 kwa wageni. New Mexico wao hawana pointi kabisa, ila asilimia 84 ya leseni za droo ni za wenyeji na mgeni anayekuja peke yake bila kampuni ya kumwongoza anagombea asilimia 6.

Marafiki zangu wengi huku wanalalamika kwamba ni ubaguzi, maana ardhi yenyewe kubwa ni ya serikali kuu, ni yetu sote tunaolipa kodi. Ni kweli ardhi ni yetu sote, lakini mnyama ni wa jimbo. Kesi hiyo ilifika mpaka Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani, wawindaji walilishtaki jimbo la Montana kwa bei ya elki, na mwaka 1978 mahakama ikasema jimbo lina haki ya kumtoza mgeni zaidi. Mimi naungana na mahakama mia kwa mia. Yule mtu wa Rawlins ndo anayekaa na hao wanyama, ndo uzio wake unavunjwa, ndo anawagonga na gari usiku wa baridi kali. Lazima atangulie. Na hapa Iowa mimi ndo mwenyeji, tagi ya kulungu, yaani kile kibali kinachofungwa kwenye mnyama ukishamwangusha, nanunua kirahisi kwa bei ndogo wakati wa nje wanagombea tagi 6,000 na wanasubiri miaka.

Kwenye droo ya Wyoming nimekosa mara mbili, mara ya tatu nikapata leseni ya swala. Kwa mlioko huku mnaotaka kujaribu, Wyoming aliyezaliwa 1966 na kuendelea lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji, kachukueni mapema. Mwenye grini kadi hana shida, ila mwenye viza ya muda sheria ya bunduki kwake ni tofauti kabisa, usiguse bunduki kabla hujaielewa. Ukiona pointi zinachelewa omba swala jike, ile ilikuwa dola 34 tu na nyama ni nyama. Siku ile nimeangusha nikajaza tarehe kwenye tagi, nikasaini, nikaifunga kwenye mzoga mikono inatetemeka. Nyama inayolika kuiacha porini ni kosa, kuuza ni kosa, kwa hiyo niligawa, jirani zangu Wakongo na Warundi walikula na mimi wiki nzima. Askari wa wanyama alinisimamisha njiani, akaangalia tagi, akanipa mkono. Nilikaa kwenye gari muda mrefu kabla ya kuondoka.

Maana mimi nimekulia karibu na mapori ya akiba, Muhesi, Kizigo, Rungwa. Kwetu mtu mwenye sare akikukuta na nyama ya porini hakupi mkono. Mama yangu mdogo alilala mahabusu siku nne kwa ajili ya mboga aliyoletewa na jirani. Na mnakumbuka yule mama wa Iringa mwaka 2023, vipande 12 vya nyama ya swala, miaka 22 jela, mpaka Mahakama Kuu ikaja kumwachia. Kosa linaitwa kupatikana na nyara za serikali. Wakati huo huo mgeni mwenye dola anakuja, ananunua safari ya siku 21 kwenye kitalu cha uwindaji, ana mwindaji bingwa wake, anapiga simba anarudi kwao.

Sipingi watalii, hela yao inatakiwa, na ujangili nauchukia, tembo walivyomalizwa Selous sote tuliona. Wala sisemi hatuna sheria, leseni ya mwenyeji ipo kwenye Sheria ya Wanyamapori ya 2009, jumuiya za WMA, zile za vijiji vinavyotunza wanyamapori kwenye ardhi yao, zipo, mabucha ya nyamapori yakaruhusiwa. Ila niambieni mkulima wa mtama ambaye tembo wamelala shambani kwake, hana bunduki wala nauli ya kufuatilia kibali cha bunduki, hiyo leseni ataitumia vipi? Huku hata bunduki na risasi zenyewe zinalea wanyama, kuna kodi ya asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi ambayo kwa sheria ya 1937 inarudi majimboni kwa ajili ya wanyamapori.

Ninachoomba ni kidogo. Vijiji vinavyopakana na pori vitengewe idadi yao kila mwaka, nguruwe pori, pofu, swala, kwa hesabu ya wataalamu. Droo ichezeshwe hadharani kwenye mkutano wa kijiji, jina likitoka askari wanyamapori aende na mtu huyo na bunduki ya serikali, mnyama apigwe, tagi ifungwe, nyama ipite barabarani mchana kweupe na karatasi yake. Bei iwe ya mwenyeji, hata kama ni ya kuku wawili. Mtalii aombe kwenye zinazobaki, alipe mara kumi, kama mimi ninavyolipa Wyoming na wala sinung'uniki.