Ritifaa ya Ng'apa na sheli tatu

Kwenye darasa dogo la jioni tunaloendesha hapa Mtwara, vijana waliandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, programu ya kujumlisha kilo za korosho zilizopokelewa ghalani, kata kwa kata. Amri ni fupi: python jumla.py --kata Mingoyo. Ilikubali kwa kila mtu. Tulipofika kata ya Ng'apa, kule Lindi, mambo yakaharibika.

Kijana wa Linux aliandika 'Ng'apa' ndani ya alama moja moja za usemi. Kompyuta ikamwekea mshale wa > na kukaa kimya. Wa Windows, kwenye cmd, dirisha la amri la Windows, aliandika vilevile akajibiwa: kilo 0. Hili la pili ndilo lililoniuma. Ukimya unakufanya utafute kosa. Sifuri unaipokea na kuipeleka kwenye hesabu.

Mkosaji si Python. Kati ya vidole na programu kuna sheli, yaani ile programu inayosoma unachoandika kwenye dirisha jeusi. Kwenye Linux, sheli iitwayo bash hukata amri kuwa maneno na kuikabidhi programu orodha iliyokwisha kukatwa. Kwake ritifaa ya ng', kile kialama cha juu baada ya g, ni alama ya usemi inayofunga, na ile ya mwisho inafungua mpya, ndiyo maana ilikuwa ikisubiri. Windows huikabidhi programu mstari mmoja mrefu ijikatie yenyewe, na huko alama moja ya usemi ni herufi kama herufi nyingine. Programu ilitafuta kata ambayo jina lake linaanza na kuishia kwa alama hizo, isiione.

Mwenzangu ninayefundisha naye anashikilia kwamba dawa ni kujifunza sheli. Mtu asiyejua amri yake inakatwaje, anasema, atakwama kila siku na kulaumu lugha. Ana hoja nzito. Jioni ile alitoa mstari mmoja tu:

python -c "import sys; print(sys.argv[1:])"

Unaongeza mwishoni kile kinachokusumbua, na Python inakuonyesha hasa kilichoifikia. Ubishi wa nusu saa uliisha kwa dakika moja. Kwa mtu anayetaka kuishi kwa kuandika programu, sioni namna ya kukwepa elimu hiyo.

Ila kanuni zenyewe hazikubaliani. Alama mbili za usemi, "Ng'apa", zinapita salama kwenye bash, cmd na PowerShell, sheli nyingine ya Windows. Vijana wakashangilia: basi tutumie mbili siku zote! Likaja faili la bei za dola, bei$2024.csv. Ndani ya alama mbili, bash huona $2 kama kigeu, yaani jina linalobeba thamani, haikuti kitu, inapeleka bei024.csv. PowerShell huichukua $2024 yote kuwa jina la kigeu kisichokuwepo, inapeleka bei.csv. Cmd inaipeleka nzima. Ukirudi kwenye alama moja, bash na PowerShell zinapona, cmd inaharibika. Tena PowerShell 5.1, ile inayokuja na Windows, huziondoa alama mbili zilizo ndani ya neno unapoita programu ya nje. Toleo la 7.3 ndilo lililorekebisha. Na *.csv? Bash huifungua kuwa orodha ya mafaili kabla Python haijaamka, ilhali kwenye Windows Python hupokea nyota yenyewe.

Ndiyo maana mimi nasimama upande wa pili: karani wa ghala Nachingwea hana deni la kujifunza haya. Majina ya watu na mahali yakae kwenye faili, programu iyasome humo, kwenye amri libaki jina la faili tu, fupi, lisilo na nafasi wala alama. Kiswahili kimejaa ng', na lugha yetu isiwe ndiyo inayopinda kufuata sheli.

Mwenzangu alinijibu kwa jambo ambalo sikulitegemea. Kijana mmoja alitengeneza faili hilo kwa alama ya > ndani ya PowerShell 5.1, ambayo huandika kwa UTF-16, mfumo mmoja wa kuhifadhi herufi. Python iliyoambiwa isome UTF-8, mfumo mwingine, ikakataa tangu herufi ya kwanza. Faili nalo lina sheli yake, alisema. Nikakubali, ingawa kosa hilo angalau linapiga kelele.

Kwa programu hii ya korosho bado nachagua faili. Ila kilichobadilika kweli ni kingine, na hapo hatukubishana: jina lisilokuwemo kwenye orodha ya kata sasa linasimamisha kazi, na programu inaliandika kati ya mabano ya mraba, jinsi lilivyoifikia. Yule kijana wa cmd alirudia amri yake ya mwanzo. Safari hii alisomewa: hakuna kata ['Ng'apa']. Akaziona alama zake mwenyewe, akazifuta bila kumuuliza mtu.