Sungura wa Mtwara: alale kwenye waya au chini?

Ukitangaza Mtwara kwamba unataka kufuga sungura, wawe wawili wa watoto kucheza nao au kumi wa kitoweo, utapewa ushauri uleule: inua banda, weka sakafu ya waya, kinyesi kianguke chini, umemaliza. Upande wa pili wapo wanaosema waya ni mateso, mnyama apewe chumba chenye maranda aruke na kuchimba anavyotaka. Mimi nilikuwa mtu wa waya. Kilichonibadilisha ni mguu wa sungura mmoja.

Alikuwa jike mweupe, mzito. Asubuhi moja nikamwona hatulii: anainua mguu wa nyuma, anaushusha, anainua wa pili. Nilipomgeuza, manyoya ya kisigino yalikuwa yameisha, ngozi nyekundu, na katikati kigaga kimepasuka. Sungura hana unyayo mgumu kama wa paka au mbwa. Kinga yake ni manyoya tu. Uzito wake wote ukikaa juu ya waya mwembamba usiku na mchana, manyoya hulika, kisha ngozi. Hapa pwani kuna pia hewa ya chumvi. Waya unaununua unang'aa, muda si mrefu unaota kutu na kuwa na ncha zinazochoma, na mkojo unazidi kuumaliza.

Hata hivyo hoja ya waya ina uzito, na wanaoibeza mara nyingi hawajawahi kuokota vitoto vya uzao mzima vimekufa kimoja baada ya kingine. Katika magonjwa yanayomaliza vitoto vya sungura, kokisidia wako mstari wa mbele. Vimelea hivi hutoka na kinyesi vikiwa bado havijaweza kuambukiza. Huhitaji siku moja, mbili au zaidi mahali penye joto na unyevu ndipo vikomae. Hapo ndipo penye kiini cha ubishi wote. Kinyesi kikianguka nje ya banda, mzunguko umekatika. Kikibaki kwenye maranda, sungura anakanyaga, anajiramba miguu, anameza. Mvua zetu za Desemba hadi Aprili maranda hayakauki ng'o. Jirani yangu alifuga chini katika chumba kizuri cha matofali, na kiangazi wanyama walinawiri. Mvua zilipokolea, vitoto vikaanza kuvimba matumbo na kuharisha, na kati ya vyote alibaki na viwili.

Wapo pia wanaotetea waya wakidhani unamzuia sungura kula kinyesi chake. Haumzuii, wala haifai kumzuia. Kile kinyesi laini cha usiku hukichukua moja kwa moja kabla hakijagusa sakafu, na kina protini na vitamini anazozihitaji. Zile gololi kavu za kinyesi ndizo za kuondoa.

Kwa hiyo mimi nasimama wapi? Kwenye banda la kuinuliwa, lakini si kwenye waya mtupu. Fito za mianzi iliyopasuliwa, upande laini ukitazama juu, zikiachana sentimita moja hadi moja na nusu, hupitisha gololi na kubeba mguu kwa upana. Mianzi ina ubaya wake: inanyonya mkojo, na sungura ataitafuna kwa sababu meno yake hayaachi kukua. Ndiyo maana namsihi kila anayejenga aifanye sakafu kuwa fremu ya kutoa. Unaitoa, unaisugua, unaimwagia maji yanayochemka, unaianika juani. Maji ya moto ni muhimu, maana dawa nyingi za kusafishia haziwaui kokisidia walio kwenye ganda lao. Aliyekwisha kujenga kwa waya asibomoe. Aweke kipande cha ubao pembeni. Jike wangu alihamia kwenye ubao siku hiyohiyo.

Kuhusu ukubwa, watu wa maranda wana haki kuliko sisi. Chama cha Uingereza cha Rabbit Welfare Association & Fund kinapendekeza eneo la mita 3 kwa 2, urefu wa kwenda juu mita 1, kwa sungura wawili. Vibanda vingi ninavyoviona Ligula na Mikindani havifikii hata robo yake. Si kila mwenye uwanja wa Mtwara ataweza vipimo hivyo, lakini sungura wa mtoto, ambaye hatachinjwa na anaweza kuishi miaka minane na kuendelea, akifungwa maisha yote mahali asipoweza kuruka mara tatu mfululizo, hilo siwezi kulitetea. Muda wa kushuka ardhini apewe, kwenye udongo mkavu, jioni, mtu akiwa karibu. Kunguru, paka na nguchiro hawahitaji dakika nyingi.

Usiku wapo siafu. Miguu ya banda isimamishwe kwenye makopo yenye oili chafu. Chumba cha chini hakina kinga ya namna hiyo.

Na kabla ya sakafu yoyote, tazama kivuli. Sungura hatoi jasho. Joto hulipunguza kwa masikio na kwa kuhema, na joto la hewa likipita nyuzi 30 anaanza kuelemewa. Novemba na Desemba tunafika hapo mara kwa mara, na unyevu juu yake. Bati tupu juu ya kibanda kifupi ni tanuri. Weka makuti, au makuti juu ya bati. Mwembe unafaa. Mkorosho nao una kivuli kizuri, lakini kama unapulizwa salfa ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, vumbi lile litatua kwenye majani anayokula na machoni mwake. Mimi nimelihamishia banda upande wa jikoni, mbali na mikorosho, na saa nane mchana naweka chupa ya maji yaliyoganda kando ya ule ubao. Jike hujinyoosha kando yake, masikio yakigusa chupa.